Kioo Kilichokataa Giza

Tarehe 6 Februari

Mwanangu Kibano,

Mandhari meusi, kwa maana nitakayoishikilia katika barua hii na zitakazofuata, ni mpangilio wa simu unaofanya uwanja wa kioo uwe mweusi na maandishi yawe meupe, bila kubadili neno lolote lililoandikwa. Si kupunguza mwanga, kwa maana mwanga unaweza kuwa mkali na mandhari yakabaki meusi. Si kuzima kioo. Ni kubadilishana nafasi kati ya kinachosomwa na kinachokizunguka, basi. Utaniwia radhi kwa kutanguliza fasili mbele ya salamu. Miaka thelathini na moja ya kusahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji imenionyesha kwamba watu wasiokubaliana juu ya neno huishia kugombana juu ya kitu.

Sasa salamu. Mimi sijambo, ukiondoa kipandauso ambacho unakijua. Fundi cherehani wa mlango wa pili amepata mjukuu, na kwa furaha amemshonea mteja suruali yenye miguu ya urefu tofauti. Mteja ameirudisha, fundi anadai mguu mfupi ni wa mteja. Picha za kibanda chako kipya nimezipata, pamoja na ile ya wewe umeshika ubao wa jina kichwa chini. Baba yako anaendelea kutengeneza saa zake.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana uliniwekea mandhari meusi kwenye simu, kwa sababu weupe wa kioo hunichoma jicho la kushoto na baada ya dakika kumi hunilaza. Yalifanya kazi vizuri hadi mwezi uliopita. Tangu hapo kioo kimenirudia kikiwa cheupe mara tatu. Nikiyarejesha meusi yanatii, yanakaa siku kadhaa, kisha yanatoweka bila kuaga. Nimefungua daftari, na kila mara naandika tarehe na saa.

Nakuomba usinipigie. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na sauti yangu ilizoea kushindana na mitambo. Wala usinitumie maelekezo kwa simu yenyewe, maana si vyema maagizo ya kutengeneza kifaa yakae ndani ya kifaa kinachotengenezwa. Tuandikiane kwa karatasi. Sanduku la posta ni lilelile.

Shangazi yako


Tarehe 19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilinikuta mkono mmoja umeshika bloa ya hewa moto na mwingine simu ya mteja. Nikaisoma nimeiegemeza kwenye kopo la gundi, ndiyo maana kona moja imenata. Nilipofika kwenye suruali nikacheka hadi jirani yangu muuza kava akaniuliza kama nimeposwa. Nikamwambia ni shangazi yangu ameandika. Akasema, "Mashangazi wa wengine huandika misiba."

Kazi ipo. Kibanda sasa kina meza mbili na mlango unaofungika. Nimeacha kubadilisha vioo tu. Siku hizi nafungua hadi mabodi ya ndani ya simu, na mafundi wanaume wa mtaa wa juu wananiletea yale yaliyowashinda, wakisema wanapita tu.

Haya, simu. Mpangilio haujibadilishi wenyewe, Shangazi, hata ukionekana hivyo. Kuna vitu vinne vinavyoweza kuubadilisha. Anza na ratiba: ingia Mipangilio, kisha Onyesho, kisha Mandhari Meusi. Ukiona pameandikwa machweo hadi macheo, simu yako inafuata jua, na kila asubuhi itakuwekea weupe bila kukuuliza. Ondoa hiyo. Pili, kiokoa betri. Simu nyingi chaji ikikaribia kwisha hujitia weusi zenyewe, ukichomeka hurudi weupe. Tazama kama kimewashwa. Tatu, sasisho. Simu ikijisasisha huweza kurudisha mambo kama yalivyokuwa ilipotoka kiwandani. Zima kabisa, hesabu hadi thelathini, washa, weka upya.

Cha nne nakiacha kwanza. Sipendi kumtuhumu mtu kabla ya kuitazama mashine.

Baba hajambo? Andika hajambo au hajambo kidogo. Sihitaji aya.

Wako,
Kibano


Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika ikiwa imenata kwenye bahasha, nikalazimika kuifungua kwa mvuke wa birika. Nadhani hiyo ni heshima kwa kazi yako. Mjukuu wa fundi cherehani amepewa jina, na babu yake hajui kulitamka. Bomba la uani limetengenezwa na linavuja upande mwingine.

Nimefuata maelekezo yako kwa utaratibu. Ratiba haikuwepo, palikuwa tupu. Kiokoa betri kimezimwa, na nimejaribu kuiacha chaji ishuke, nikaichomeka, mandhari yakabaki meusi. Simu haijapata sasisho tangu Novemba. Nimeizima, nikahesabu hadi thelathini kwa mwendo wa kawaida, nikaiwasha. Ilikaa siku tano. Tangu nilipokuandikia, imerudi weupe tarehe 11, tarehe 17 na tarehe 26 Februari. Mara zote nimeikuta hivyo niliporejea kutoka matembezi ya saa kumi alasiri. Matembezi hayo ni agizo la daktari, na simu huiacha juu ya kabati la vyombo kwa sababu daktari huyohuyo aliniambia nitembee bila kuinamia kitu. Sikumwona mtu akiigusa. Naandika "sikumwona", na ningependa uisome kama ilivyo.

Umeuliza habari za baba yako na ukakataza aya. Basi nitakupa habari za chumba. Benchi lake la kazi limehama kutoka ukutani hadi dirishani. Taa ya mezani ilikuwa moja, sasa ni mbili, na ya pili ni ya aina inayotumiwa na waashi. Juzi alimrudishia mwalimu saa yake bila mshale wa sekunde. Mwalimu alipouliza, baba yako akamwambia mshale wa sekunde ni anasa, mtu mwenye akili anaishi kwa dakika.

Anakula vizuri.

Shangazi yako


Tarehe 20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Mtakuwa mmesikia redioni kwamba soko la mafundi simu huku limeungua upande mmoja wiki iliyopita. Kibanda changu kiko mtaa wa pili, sikuguswa hata na moshi. Nilighafilika kuwaarifu, nisamehe. Siku tatu nimekuwa nikiwapa meza wenzangu waliounguliwa. Watu wanne tunafanya kazi kwenye nafasi ya wawili, na kila mtu anaazima kibano cha mwenzake bila kuomba.

Nilisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika. Baba amesema mshale wa sekunde ni anasa? Baba aliyenirudishia saa ya mpishi mara sita nilipokuwa na miaka kumi na minne, kwa sababu mshale huohuo ulikuwa unatetemeka? Kama anachoka kazi, aseme amechoka.

Cha nne ni kidole. Ratiba umeondoa, betri umeipima, sasisho halipo. Kilichobaki ni mtu anayeingia kwenye mipangilio na kubadilisha kwa mkono. Nyumba ina watu wawili, na mmoja wao ni wewe. Lakini huyo wa pili hagusi simu ya kioo. Ana ile yake ya vitufe, na miaka minne iliyopita alitamka mbele yetu sote kwamba kitu kisicho na skrubu hata moja hakistahili kuitwa mashine. Kwa hiyo sijui niseme nini.

Nifanyie mawili. Itakapokuwa nyeupe tena, usirudishe weusi haraka. Tazama kwanza mwangaza umewekwa wapi, na herufi ziko ukubwa gani. Kisha weka namba ya siri, uone kama tatizo litakoma. Likikoma, tumemkamata.

Kibano


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Nafurahi kwamba moto haukukufikia. Hapa tulisikia habari ile tarehe 14, saa saba mchana.

Kioo kilikuwa cheupe tarehe 14 Machi, na tena tarehe 25. Tarehe 25 nilitazama kama ulivyoagiza. Mwangaza ulikuwa umesukumwa hadi mwisho. Herufi zilikuwa kubwa kupita kiasi nilichokijua, hata neno "Mipangilio" lilikatika mistari miwili.

Namba ya siri sitaweka. Usiniulize sababu, mimi si mtu wa kufunga kabati kwenye nyumba ninayolala.

Daftari langu lina tarehe nane: 12 Januari, 20 Januari, 2 Februari, 11 Februari, 17 Februari, 26 Februari, 14 Machi, 25 Machi. Mimi nina nusu moja tu ya jambo hili. Ukiwa na subira, tafuta nusu ya pili huko kwako.

Fundi cherehani anakusalimu. Suruali imekuwa kaptura.

Shangazi yako


Tarehe 11 Mei

Shangazi,

Najua nimekaa wiki tano bila kujibu, na shikamoo imechelewa. Barua yako niliiweka chini ya trei ya skrubu nikajidanganya kwamba kazi ni nyingi. Kazi haikuwa nyingi.

Nusu ya pili nimeipata siku ileile barua ilipofika, wala haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Nilifungua mazungumzo yangu na wewe kwenye simu, nikapandisha juu hadi Januari. Tarehe 12 nilikutumia picha ya kibanda. Tarehe 20 nilikutumia sauti nikiimba vibaya. Tarehe 2 ile ya ubao wa jina. Tarehe 11, 17, 26: picha, picha, salamu. Tarehe 25 Machi picha ya wenzangu wakiondoka na vifaa vyao. Kila siku niliyokutumia kitu, alasiri yake kioo chako kiligeuka cheupe.

Ila tarehe 14. Siku hiyo sikutuma kitu. Siku hiyo redio ilitangaza moto. Alifungua jina langu akakuta hakuna jipya, na nadhani alichotafuta ni yale maandishi madogo ya juu yanayosema mtu ameonekana lini mara ya mwisho.

Ni baba.

Miaka minne, Shangazi! Alisimama mlangoni mwa karakana akasema, kwa dharau yake ya simu, "Ukitoka kwenda kufungua visanduku vya gundi, usirudi mpaka nikuite." Nikatoka, hakuita. Sikukuu zimepita, nimeumwa nikapona, hakuita. Na kumbe saa kumi alasiri anasimama kwenye kabati la vyombo kama mwizi wa sukari, ananisikiliza nikiimba. Wiki ya kwanza nilitaka kukutumia picha ya kiganja changu kimefungwa ngumi, aikute.

Kisha hasira ikapoa, nikaanza kufikiri kama fundi. Kwa nini ageuze kioo? Angeweza kutazama na kuondoka na weusi wake, usingejua kamwe. Mtu anayejificha haachi taa inawaka. Amegeuza kwa sababu kwenye weusi hawezi kusoma. Ameongeza mwangaza hadi mwisho, amekuza herufi, benchi limehamia dirishani, taa ni mbili, na mshale wa sekunde, ule mwembamba kama unywele, umegeuka anasa.

Niambie moja kwa moja: baba haoni?

Kibano


Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Nimepokea barua yako nikiwa mzima, na nimeisoma nikiwa nimekaa. Mtoto wa fundi cherehani, yule mama wa mjukuu, amerudi kazini. Mvua imeharibu ukuta wa uani kwa upana wa mikono miwili.

Swali lako la mwisho sitalijibu.

Nitakueleza kwa nini, kwa maneno yaliyopimwa. Mwezi wa Desemba, jikoni, mikono yangu ikiwa ndani ya maji ya vyombo, mtu aliniambia jambo kisha akasema, "Usimwambie yeyote, na hasa yeye." Nikajibu, "Sitasema." Nilijibu haraka, kama anavyojibu mtu mwenye povu hadi kwenye kiwiko, lakini nilijibu. Ahadi niliyoitoa ni hiyo na mipaka yake ni hiyo. Sikuahidi kunyamaza kuhusu simu. Simu ni yangu, na hitilafu zake nina haki ya kumweleza fundi wangu.

Kwa hiyo nakueleza hitilafu. Tarehe 17 Mei nilikuta rangi zote zimegeuka kinyume. Picha yako ya ubao ilikuwa imebaki wazi, uso wako wa rangi ya majivu na meno meusi kama wino, mfano wa filamu za zamani kabla hazijasafishwa. Nimetafuta, nikakuta kitu kinaitwa ugeuzaji rangi kimewashwa juu ya mandhari meusi. Vyote viwili vikiwa pamoja, kimoja hukifuta kingine, na kioo hurudi cheupe. Yaelekea kuna aliyekuwa akitafuta weupe akabonyeza kila alichokutana nacho mpaka akaupata kwa njia ndefu. Mwezi Januari alijua njia fupi.

Hitilafu ya pili: tangu mwishoni mwa Aprili, kinachofunguliwa hakifungwi. Naikuta simu imeachwa pale ilipofikishwa. Vitufe vya kurudi nyuma, kama ujuavyo kuliko mimi, viko ukingoni mwa kioo.

Wewe ni fundi. Pima.

Shangazi yako


Tarehe 6 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimepima.

Nina mteja ambaye ni muuguzi kwenye kliniki ya macho. Nilimtengenezea tundu la chaji, na badala ya kumpa simu yake nikamshikilia kwa maswali hadi foleni ikalalamika. Nilimweleza kuhusu vitufe vya ukingoni. Akaacha kucheka. Akasema upo ugonjwa unaokula uoni kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu, na mwenyewe hubaki akiona katikati kama anayechungulia kwenye bomba. Alichokipoteza hakirudi. Alichobaki nacho kinaweza kulindwa, mara nyingi kwa matone tu ya kila siku, ila lazima afike mapema na asiache. Nikamuuliza mapema ni lini. Akanijibu, "Mapema ni kabla hujaniuliza."

Tangu siku hiyo sikai. Nafungua simu nasahau nilitaka nini ndani. Kila wiki tunayoandikiana kuhusu rangi ya kioo ni wiki inayotoka kwenye macho yake, na wewe unaniandikia kuta za uani! Naelewa ahadi yako, naiheshimu, na wakati mwingine natamani kuirarua.

Utasema, basi njoo. Ningekuja leo. Lakini unamjua. Nikiingia bila kuitwa atasimama wima, atanitazama pale sauti yangu inapotokea, ataniambia yuko salama kama saa, na ataniaga. Akishaniaga, hatakwenda kliniki yoyote, kwa sababu kwenda itakuwa kukiri kwamba nilikuwa sahihi. Nisipopata ushahidi atanishinda kwa maneno, kama alivyonishinda siku zote.

Ndani ya kifurushi hiki kuna bisibisi. Ni ile ya kumi, ndogo kuliko zote, yenye shingo nyekundu. Ndiyo, ni mimi niliyeichukua. Alidhani nimeichukua kwa ubaya, nami nikamwacha adhani hivyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema nilitaka kitu kimoja tu kutoka benchini kwake. Nimeitumia kila siku kwa miaka minne kufungulia visanduku vya gundi. Vina skrubu, Shangazi. Ziko chini ya gundi. Hakuwahi kuuliza.

Irudishe kwenye mfuko wa kumi wa ule mkunjo wake wa turubai anaohifadhia bisibisi, usiseme neno. Kisha andika ni baada ya muda gani ataiona. Baba ninayemjua angejua kabla hajakaa. Usipoleta jibu hadi mwisho wa mwezi nitakuja, nimeitwa au sikuitwa.

Kibano


Tarehe 29 Juni

Mwanangu Kibano,

Sisi wote tupo. Ukuta wa uani unasubiri.

Kifurushi kilifika tarehe 13. Siku iliyofuata baba yako alipokwenda kugombana na fundi cherehani juu ya vivuli vya nguo zinazoanikwa mbele ya dirisha lake, niliingia karakana nikairudisha bisibisi kwenye mfuko wa kumi. Tangu tarehe 15 nilikaa mlangoni nikishona kifungo. Nilikishona na kukifumua kifungo hichohicho kwa siku kumi.

Siku ya kwanza aliufungua mkunjo, akatoa ya tatu, akairudisha. Siku ya pili ya tatu na ya tano. Siku ya nne aliukunjua wote mbele ya taa mbili, shingo nyekundu ikiwa wazi kama kidonda, akatafuta ya sita kwa muda mrefu. Siku ya saba aliniuliza kwa nini ninakaa mlangoni kama mdai. Kaka yangu, ambaye zamani alilijua vumbi kabla halijatua, alikaa siku kumi na bisibisi ile umbali wa shubiri moja na mkono wake.

Siku ya kumi na moja, tarehe 25, saa tano asubuhi, alikuwa akizihesabu kwa kidole kutoka kushoto, kama anavyofanya siku hizi kabla ya kuukunja mkunjo. Kidole kikafika kwenye mfuko ambao kwa miaka minne umekuwa mtupu, kikasimama. Hakuinamisha kichwa kutazama. Akaitoa, akaizungusha kati ya vidole viwili.

"Nani amekuja?" akauliza.

"Hakuna aliyekuja. Imeletwa na posta."

Akapitisha ncha kwenye ukucha wa kidole gumba, mara moja, mara mbili. "Ameinoa. Upande mmoja umezidi. Nilimwonyesha mara ngapi?"

"Mimi si fundi, kaka."

"Wewe uliahidi."

"Sikusema neno."

"Hukusema," akajibu. "Ila mwaka huu umenunua bahasha kuliko kiwanda chako cha zamani."

Akaurudisha uso wake dirishani. Nikaenda chumbani nikaleta barua yako ya tarehe 6, nikamsomea aya ya muuguzi. Sikuongeza wala kupunguza. Nilipofika kwenye matone akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikamsomea pia pale ulipoandika kwamba skrubu ziko chini ya gundi. Akasema, "Ngapi?"

"Hakuandika idadi."

"Muulize ngapi."

Hakusema kama atakwenda kliniki. Lakini hakuniambia ninyamaze, na katika daftari langu hayo ni matokeo mawili tofauti. Alipoukunja mkunjo ile ya kumi aliibakiza mkononi, akasema maneno ambayo nayanakili kama alivyoyatamka, maana nilimuuliza kama nikuandikie, naye akasema kunakili ndiyo kazi pekee ninayoijua: "Ncha hii haifai. Aliyeiharibu aje airekebishe. Na aje mchana, kwenye mwanga."

Njoo, basi. Lete idadi ya skrubu, na kama yule muuguzi anaweza kukuandikia kikaratasi cha kliniki ya huku, lete na hicho.

Kuhusu simu, suala limefungwa. Tarehe 26 Juni, saa nne asubuhi, kioo kilikuwa cheupe. Chanzo: kidole, na kilikuwa changu. Nimeyazima mandhari meusi, nimezima ugeuzaji rangi, nimekuza herufi hadi mwisho, na simu sasa inakaa benchini kwake badala ya kabatini. Ninapoitumia navaa miwani ya jua, hata jikoni. Fundi cherehani ananiita mwanamuziki.

Limebaki swali ambalo mimi, niliyekutangulizia fasili mbele ya salamu, nimeshindwa kulifasili. Niliahidi kutosema, na sikusema. Zikague barua zangu zote neno kwa neno, hutakuta mahali nilipolitamka lile nililoambiwa jikoni. Hata hivyo unalijua lote, na nilikusudia ulijue tangu mstari wa kwanza. Yeye anasema nimeivunja ahadi, kisha ananipa maneno yake nikuandikie. Ukifika, kabla hujafungua begi, niambie: kilichofungwa na neno langu la Desemba kilikuwa ni ulimi wangu, au kilikuwa ni wewe kutojua?

Shangazi yako